Kanga Niliyoifunga kwa Nje

KITUO KIDOGO CHA POLISI KWALUKI, WILAYA YA KONDOA
MAELEZO YA SHAHIDI (MARA YA PILI)

Jina: Mwajabu Shaaban Kiseto
Umri: Miaka 52
Kabila: Mrangi
Dini: Mwislamu
Elimu: Darasa la saba
Kazi: Mkulima; pia msimamizi wa usafi upande wa wanawake, Msikiti wa Juu
Makazi: Kitongoji cha Juu, kijiji cha Kwaluki
Tarehe: 16/02/2026, kuanzia saa 4:15 asubuhi
Mwandishi: WP Koplo Evelina

Bismillah. Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa na mtu. Jumamosi tarehe 14 nilitoa maelezo mbele ya Konstebo Optatus na nikatia saini. Leo nayakataa maelezo yale. Konstebo hakunitisha wala hakuniwekea maneno mdomoni. Nilijificha mwenyewe. Koplo Evelina ameniambia kwamba nikiyabadilisha naweza kugeuziwa mimi kesi, kwa kuwa niliandikisha uongo. Nimemwambia, mwanangu, andika tu, mimi nimeshaswali na nimeshapika, sina haraka.

Jumamosi niliandikisha hivi: "Mlango aliufunga mwenyewe kwa ndani na mimi sijui kilichotokea." Ni kweli mlango aliufunga yeye. Hayo mengine ni uongo. Najua kilichotokea, kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Ninayemsema ni Ikram Mudrick, miaka 22, binti wa jirani yangu Nasra. Amelazwa kituo cha afya hapa Kwaluki, wodi ya wanawake. Mlangoni kumewekwa askari kwenye benchi, kwa sababu PF3 yake, ile fomu ya polisi ya matibabu, imeandikwa kwamba alijaribu kujiua kwa kunywa sumu, na nimeambiwa akipata nguvu atapelekwa mahakamani kwa kosa hilo. Ikram hakunywa kitu. Ikram alikuwa anasafisha choo cha msikiti, na namna ya kukisafisha nilimfundisha mimi.

Kila mwaka, mwezi wa Shaabani ukikaribia kuisha, sisi wanawake wa Msikiti wa Juu tunasafisha upande wetu ili Ramadhani itukute tayari. Tunafua mazulia, tunafuta kuta, tunasugua mahali pa udhu na vyoo viwili vilivyo humo. Kazi hiyo naisimamia mimi, huu ni mwaka wa saba. Maji ya kisima chetu ni ya chumvi. Yakikauka huacha ukoko mweupe kwenye marumaru, na huo ukoko sabuni haiutoi hata ukisugua mpaka mkono ufe ganzi. Kwa hiyo tunatumia dawa ya choo, ile kali inayotoa moshi ikigusa sakafu. Halafu kwenye stoo ya msikiti kuna dumu la klorini, tulipewa na watu wa afya kipindi cha kipindupindu. Hiyo tunaitumia kuondoa harufu na kung'arisha.

Hakuna aliyenifundisha kuzichanganya. Niligundua mwenyewe mwaka wa kwanza, na nilijiona mjanja. Unamwaga dawa ya choo, ikianza kutoa povu unafuatisha klorini hapo hapo kabla haijatulia, ili zishikane. Choo kinakuwa cheupe kama kipya. Watu walinisifu sana. Mwanamke akitaka kusafisha choo cha harusi au cha matanga alikuwa anakuja kuniuliza, na mimi nilikuwa namwelekeza kwa furaha.

Jumanne tarehe 10 nilikwenda Kondoa mjini, dukani kwa Mama Saroj, kununua chupa mbili za dawa ya choo. Yule mama alinishika mkono kabla hajanipa, akasema, "Hii usichanganye na dawa nyingine, mama. Itumie peke yake, na mlango wazi." Mimi nikajibu ndiyo, ndiyo, kama mtu anayeaga. Niliona ni maneno ya dukani tu. Nilikuwa nimeifanya miaka sita, huyu wa kaunta ataniambia nini kuhusu choo? Mama Saroj asiguswe kwenye jambo hili. Alisema na nilisikia.

Mnamo tarehe 14/02/2026, siku ya Jumamosi, saa 8:00 mchana, nilifika msikitini na Ikram. Wanawake wengine walikuwa kwenye palizi, mvua ilikuwa imeshika na magugu hayasubiri, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Mimi nilianza na mazulia. Ikram alisema yeye atachukua vyoo kwa sababu magoti yangu yanauma. Hakuna aliyemtuma.

Hapa niseme habari ya posa, maana najua ndiyo imewaongoza askari. Ni kweli posa ya Ikram ilirudishwa wiki tatu zilizopita. Kijana anasomea mambo ya mifugo Mpwapwa, akapata mwingine huko huko. Kijiji kizima kilikuwa kinamwangalia Ikram kama mgonjwa. Mwenyewe siku hiyo ya Jumamosi, wakati tunabeba mazulia, aliniambia, "Mama mkubwa, mwaka wa pili sasa anasomea mifugo na mbuzi wa baba yake wanamkimbia. Mimi ningeishi naye vipi?" Tulicheka mpaka tukaliweka zulia chini. Baadaye aliniuliza kama nitamsindikiza Dodoma baada ya Idi, anataka kujifunza kushona, ameshaongea na mwenye cherehani. Hiyo ndiyo hali aliyokuwa nayo. Mtu anayetaka kufa hapangi safari ya baada ya Idi.

Saa 9:00 alasiri nilimpa chupa ya dawa ya choo, klorini kwenye ndoo ndogo, na kikombe cha bati cha kupimia. Kikombe hicho ndicho kimechukuliwa na polisi kama kielelezo, kwamba ndicho alichonywea. Ni cha kupimia. Kina shimo karibu na mpini, mkikitia maji mtaona kinavuja. Nilimwonyesha namna ya kumwaga, kwanza ile, halafu hii. Moshi ulipopanda alirudi nyuma, akasema, "Mama mkubwa, hii si dawa ya choo, hii ni ya kuchunia ng'ombe."

Nikamjibu, "Ikikuwasha pua ujue inafanya kazi."

Nimerudia maneno hayo kwa Koplo mara mbili ili yaandikwe kama nilivyoyasema. Ndivyo tunavyoamini sisi. Isipowasha tunasema imechakachuliwa. Ikikutoa machozi tunasema hiyo ndiyo yenyewe.

Choo cha kwanza alikisafisha mlango ukiwa wazi na dirisha wazi. Alikohoa, akatoka nje kupunga hewa, akarudi. Hakupata shida kubwa.

Saa 9:50 wanaume walianza kuja kwa swala ya Alasiri. Mahali petu pa udhu pana dirisha moja dogo la nondo, halina kioo, na linatazama njia wanayopita wanaume. Ikram alikuwa amevua mtandio maana ulikuwa umelowa, na dera amelipandisha hadi magotini. Aliita, "Mama mkubwa, wanaume hao, na mimi niko hivi!"

Nilimwambia afunge mlango wa udhu kwa komeo, aendelee na choo cha pili. Mimi nikavua kanga yangu ya juu, nikazunguka nje, nikapanda juu ya ndoo niliyoipindua, nikaisokomeza kanga kwenye dirisha na kuifunga fundo kwenye nondo ili isidondoke. Fundo nililifunga kwa nje. Mtu aliye ndani hawezi kulifunga pale. Konstebo Optatus aulizwe Jumamosi alilifungua akiwa amesimama wapi. Alisimama nje, juu ya ndoo ile ile, nilimwona kwa macho yangu na nikanyamaza. Kanga yenyewe ni ya kijani yenye korosho, pembeni imeungua pasi. Ni yangu. Waliyoiandika kwamba "aliziba dirisha ili afe" ni kanga yangu na fundo langu.

Halafu lipo gunia. Imeandikwa kwamba aliziba na uwazi wa chini ya mlango kwa gunia bichi. Hilo nalo nilimwagiza mimi. Maji ya kuoshea choo ni najisi, na yakitoka chini ya mlango yanatiririka mpaka kwenye njia ya watu walioshika udhu. Niliita kwa nje nikamwambia, "Weka gunia hapo chini, maji yasiwaguse watu." Akaweka. Nikamsikia anacheka ndani, anasema, "Sasa umeniatamisha kama kuku. Usinisahau nikitotoa!"

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho niliyoyasikia siku hiyo.

Saa 10:05 iliadhiniwa. Nilitawadha kwenye ndoo nje, nikaingia kuswali upande wa wanawake, ukuta mmoja na mahali pa udhu. Nilikuwa peke yangu. Katika rakaa ya pili nilimsikia Ikram anakohoa. Katika rakaa ya tatu akakohoa tena, kikohozi kirefu kisichopata pumzi, kisha kitu kikaanguka kama ndoo. Moyoni nilisema, dawa imeshika leo. Nikaendelea kuswali.

Koplo ameniuliza kama nilijua kwamba swala inaweza kukatwa kumwokoa mtu. Nilijua. Tulifundishwa madrasa nikiwa mdogo. Sikuikata kwa sababu sikuhesabu kwamba ni mtu anayekufa, nilihesabu ni mtu anayefanya usafi. Hilo nitalijibu mbele ya Mwenyezi Mungu, na kama lipo la kujibu hapa, nitalijibu na hapa.

Nilitoa salamu saa 10:22 hivi. Nilikwenda mlangoni nikagonga. Hakuna jibu. Nikanusa harufu ambayo naijua, lakini sijawahi kuinusa ikiwa nzito vile, macho yakajaa machozi hapo hapo. Nikapiga kelele. Wanaume walitoka msikitini wakaja wakasimama mbali. Bwana Adamu, ambaye ni katibu wa msikiti, alisema, "Subirini, ni sehemu ya wanawake, aitwe mwanamke amsitiri kwanza." Hakusema kwa ubaya. Mwanamke nilikuwepo mimi, na mlango sikuuweza.

Aliyeuvunja ni Mazengo, dereva wa bodaboda, si wa dini yetu. Alikuwa amemleta abiria. Alisema, "Mzee, mtanisamehe baadaye," akaupiga mlango teke mara tatu. Ulipofunguka ilitoka hewa yenye rangi ya manjano iliyopauka, chini chini, kama vumbi la chokaa. Ikram alikuwa amelala kwenye sakafu karibu na gunia. Mkono wake ulikuwa kwenye komeo. Alikuwa anajaribu kutoka. Naomba Koplo mstari huo uandikwe peke yake.

Mkono wake ulikuwa kwenye komeo.

Mazengo alimtoa nje kwa kumburuta, naye akaanza kukohoa akatapika pembeni ya ukuta. Nilimfunika Ikram kwa mtandio wangu. Alikuwa hai, anavuta pumzi kwa sauti kama ya mtu anayekoroma majini, na povu puani. Mwanamke mmoja wa jirani alileta maziwa kwenye jagi. Sisi mtu akivuta dawa tunamnywesha maziwa, tunasema yanazima sumu. Mimi nilimshika kichwa, yeye akamimina. Ikram alipaliwa, akayatapika yote, mengine yakamwagikia kifuani. Ule weupe ambao Konstebo aliukuta kwenye nguo zake na kuandika kwamba "alitapika kimiminika cheupe kinachodhaniwa kuwa sumu" ni maziwa ya ng'ombe. Nguo ipo kwenu. Inuseni, imeshachacha.

Mazengo na mimi tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nimemkumbatia kwa nyuma, tukafika kituo cha afya saa 10:50. Wakataka PF3. Konstebo Optatus alikuja saa 11:10, akaenda nami msikitini kuangalia, tukarudi akiwa na kikombe, chupa, gunia na kanga. Aliniuliza, "Mama, ni kweli huyu posa yake imevunjika?" Nikasema ndiyo. Akaniuliza nani alifunga mlango. Nikasema yeye. Akatikisa kichwa kwa huruma. Nikaona anavyoelewa. Nikamwacha aelewe hivyo. Niliogopa. Nilifikiri, nikisema ni mimi, itakuwa msimamizi wa usafi wa msikiti ameua mtoto wa Nasra. Nikatia saini.

Siku ya Jumapili tarehe 15, saa 3:00 asubuhi, nilikwenda wodini na chupa ya uji. Askari aliniruhusu kupita. Ikram alikuwa amewekewa mpira wa hewa puani, hawezi kusema, sauti haipo. Mama yake alikuwa amekaa pembeni ya kitanda. Nasra na mimi tumefuatana tangu tunacheza kombolela. Aliniangalia akasema, "Mwajabu, nilimkosea nini mwanangu mpaka anywe sumu? Wewe alikuwa anakuambia mambo yake. Niambie nilichomkosea."

Nikamwambia yote, kama nilivyoyasema hapa. Alinisikiliza mpaka mwisho. Aliutoa mkono wake kwenye mkono wangu. Kisha akasema, "Usiniambie mimi. Kawaambie wale."

Tabibu Henry alikuwa anasikia. Aliniita chumbani kwake. Alisema tangu Jumamosi jambo hilo lilikuwa linamsumbua, maana mtu aliyekunywa dawa ya choo huungua midomo, ulimi na koo, na Ikram kinywa chake ni kizima. Kilichoungua ni njia ya hewa na mapafu. Aliuliza mlikuwa na nini mle ndani. Nilipomwambia ile na klorini, kwa pamoja, aliweka kalamu chini.

Akasema, "Mama, hizo mbili zikikutana zinatengeneza hewa ya sumu. Ni nzito, inakaa chini. Mtu aliyechuchumaa anasugua sakafu ndiye anaivuta ya kwanza. Chumba kikiwa kimefungwa, dakika chache tu zinatosha."

Nikamwambia mimi nimeifanya miaka sita na niko hapa. Akasema ngoja nikusikilize kifua. Akaniuliza kama nakohoa kila mwaka kipindi hicho. Nakohoa, wiki nzima wakati mwingine, nilikuwa nasema ni vumbi la mazulia. Akaniuliza kama napanda kilima cha nyumbani bila kupumzika. Napumzika mara mbili, nilikuwa nasema ni umri. Akaniuliza kama nasikia harufu vizuri. Nikamwambia mwaka jana niliunguza kitunguu mpaka jirani akaja kuniambia. Akaniambia kilichonisalimisha ni kwamba sisi tulikuwa wengi, milango wazi, tunapokezana. "Ikiwasha," alisema, "hiyo si dawa inafanya kazi. Ni mwili unaikataa. Tokeni nje." Kuhusu maziwa alisema hayasaidii kitu kwa aliyevuta hewa, na kumnywesha mtu asiyejitambua ni kumzamisha. Nililia kidogo hapo, nikajifuta.

Tabibu ameniambia Ikram atapona, inshallah, ila kifua huenda kisirudi kama kilivyokuwa. Alisema ataandika anachokijua yeye kama tabibu, ila hawezi kuandika kilichokuwa chumbani, kwa sababu hakuwepo. Aliyekuwepo ni mimi.

Jumapili hiyo hiyo baada ya swala ya Adhuhuri nilisimama upande wa wanawake nikawaambia wote, walikuwa kama ishirini. Nikawaambia nilichowafundisha kuhusu dawa mbili ni sumu, msikifanye, na aliyemfundisha mwenzake akamwambie leo hii. Nikawaambia na kuhusu kanga. Mmoja akasema, "Sasa Bi Mwajabu, tuoshe choo wanaume wanatuona?" Nikamjibu, "Tuoshe saa ambazo hawapo. Au wao wageuze macho. Macho yana kope, Mungu hakuyapa bure." Wakacheka, lakini nadhani wamesikia.

Saa 10:45 jioni, watu walipokwisha kuswali Alasiri, Bwana Adamu alikuja kwangu. Tulisalimiana vizuri, nikampa kigoda. Nayaandikisha maneno yetu kwa sababu Koplo ameniuliza kama kuna mtu alinishawishi.

Alisema, "Dada Mwajabu, umesema mbele ya kina mama, inatosha. Polisi usiende tena. Ramadhani ni wiki hii, msikiti uingie kwenye mafaili ya polisi?"

Nikamwambia, "Umeshaingia. Umeingia kwa uongo. Nataka uingie kwa ukweli."

"Yule ni mtoto," akasema. "Mahakama itamwonya tu, watamwachia. Watu watasahau."

"Bwana Adamu, kujiua ni dhambi gani kwetu? Wewe ndiye uliyetufundisha. Unataka nimwache binti wa watu abebe jina hilo, kila akipita aambiwe huyu ndiye aliyetaka kujiua kwa sababu ya mwanamume? Na mwanamume mwenyewe hata mbuzi hawamtaki?"

Akacheka bila kupenda. Kisha akasema, taratibu, "Lakini usimamizi utauacha."

Nikamjibu, "Chukueni na ufunguo wa stoo." Nikampa. Hakunitisha na sina kinyongo naye. Lakini alikuja, na ndivyo tulivyoongea.

Leo asubuhi nimekuja. Koplo amenisomea onyo la sheria kwamba maneno yangu yanaweza kutumika kunishtaki. Nimeelewa. Sheria ikiona nina kosa, kosa langu ni kumweka mtoto kwenye chumba nilichokiziba na sumu niliyoichanganya, bila kukusudia, na kukaa kimya siku nzima na nusu wakati analindwa kama mhalifu. Hilo nalibeba. Silibebi la kwake, kwa sababu yeye hana. Na nisije nikasomewa baadaye kwamba nilikuwa nimechanganyikiwa kwa majonzi. Sikuchanganyikiwa. Jumamosi ndiyo nilichanganyikiwa.

Nataka PF3 ya Ikram irekebishwe. Nataka neno "kunywa" lifutwe na liandikwe "kuvuta hewa". Mkisema kuna utaratibu, nitasubiri utaratibu, lakini nitakuwa nakuja hapa kila asubuhi kuuliza umefika wapi, na Ramadhani nina muda mwingi wa mchana, sipiki.

Sina lingine. Karatasi hizi nimezisoma mwenyewe mstari kwa mstari, sikusomewa. Pale ukurasa wa pili palipoandikwa "marehemu" badala ya "majeruhi" nimemrudishia Koplo amekata, nasi wote wawili tumetia saini pembeni. Maneno yaliyobaki ni yangu na nayasimamia.

Saini ya shahidi: Mwajabu S. Kiseto

MAELEZO YA MWANDISHI

Nathibitisha kuwa maelezo haya nimeyaandika mimi, WP Koplo Evelina, kwa Kiswahili, kama yalivyotolewa na shahidi kwa hiari yake, na yamekamilika saa 6:35 mchana. Shahidi alionywa kabla ya kuanza na katikati. Nimemuuliza Konstebo Optatus kuhusu kanga; amekiri kwamba alilifungua fundo akiwa nje ya jengo, na kwamba hakulitilia maanani. Kikombe kimejazwa maji mbele yangu, kimevuja. Jalada pamoja na maelezo haya nalipeleka kwa Mkuu wa Kituo sasa hivi, kwa maoni yangu kwamba PF3 irudiwe na ulinzi wa wodini uangaliwe upya leo.

Nilimwomba shahidi asubiri kituoni hadi Mkuu wa Kituo aamue kama naye ahojiwe kama mtuhumiwa. Amekataa. Amesema uji wa mgonjwa unapoa, na Nasra hajalala tangu Jumamosi, kwa hiyo zamu ya kumuuguza sasa ni ya shahidi. Akitakiwa kukamatwa, amesema, akamatiwe huko: wodi ya wanawake, kitanda cha tatu. Sikumzuia.